Moto, Pamba na Damu ya Majengo

Mwaka 1985 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, waliwapima damu wanawake waliokuwa wakifanya biashara ya ngono katika mtaa wa Majengo, Pumwani. Hawakuwa wamekwenda huko kutafuta ukimwi. Walikuwa wakichunguza kisonono na pangusa. Majibu yaliporudi, karibu theluthi mbili ya wanawake wale walikuwa na virusi tayari. Miaka ikapita, wengi wakaugua, wakazikwa. Ndipo likajitokeza jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: wachache miongoni mwao walikuwa wakipimwa mwaka baada ya mwaka na hawana kitu. Wateja ni wale wale, vyumba ni vile vile, na wenzao wa mlango wa pili walikuwa wakifa. Habari zao zilichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1996, na tangu hapo hakuna anayesomea kinga ya VVU asiyewajua wanawake wa Majengo.

Sehemu kubwa ya maisha yangu nimeifanyia kazi damu hiyo. Nilizaliwa Kibokoni, Mombasa, katika nyumba ya watu wa dini. Baba yangu alikuwa akisomesha watoto Kurani baada ya sala ya alasiri. Nilipokwenda Nairobi kusomea elimu ya kinga, sikudhani kwamba niliyoyasikia barazani kwake yangenifuata mpaka maabara. Yalinifuata siku bibi mmoja wa Majengo, mwenyeji wa Bukoba aliyehamia Nairobi akiwa msichana, aliponishika mkono baada ya kutolewa damu akaniuliza: "Binti yangu, wale nilioanza nao hapa nimewazika mimi. Wengine walikuwa wacha Mungu kunishinda. Wewe uliyesoma, hebu niambie, mimi nimeachwa kwa nini?"

Nilimpa maneno ya kumtuliza, kama ada ya mdogo kwa mkubwa wake. Lakini swali lake halikutaka kutulizwa. Lilitaka kujibiwa, na mimi naona limejibiwa haraka mno na pande mbili, upande wa mimbari na upande wa maabara, na kwamba pande zote mbili zimejibu kwa njia moja.

Walio na umri wangu wanazikumbuka hotuba za miaka ya 1990. Ukimwi ulikuwa adhabu. Ilisemwa hivyo misikitini na makanisani, na mgonjwa akafichwa chumba cha nyuma, na jamaa wakasema ana kifua kikuu au amerogwa, lolote lile mradi jina lenyewe lisitajwe. Maneno yale yalikuwa na sura ya uchaji Mungu, lakini yapime. Ikiwa ugonjwa ni adhabu, uzima ni tuzo. Basi bibi yangu wa Majengo, ambaye wakati ule hakuwa ameiacha kazi yake hata kidogo, alituzwa kwa lipi? Na mke wa ndani asiyejua mwanamume mwingine ila mumewe, akaletewa virusi nyumbani, aliadhibiwa kwa lipi? Waliohubiri hivyo hawakulijibu swali la pili, na la kwanza hawakujua kwamba lipo.

Mimi najibiwa na kisa ambacho baba alikuwa akitusimulia, na kila mwanafunzi wa sira anakijua. Tauni ya Amwas ilipozuka Shamu, Khalifa Umar alikuwa njiani kwenda huko na watu wake. Alipofika Sargh akapewa habari, akashauriana na watu, akaamua kurudi Madina. Abu Ubayda bin al-Jarrah akamkabili: je, anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu? Umar akamjibu kwamba ndiyo, anaikimbia kadari ya Mungu na kwenda kwenye kadari ya Mungu. Na akampa mfano wa mtu mwenye ngamia anayefika bonde lenye pande mbili, moja yenye majani na nyingine kavu, kwamba popote atakapowalisha atakuwa amewalisha kwa kadari. Kisa hiki husimuliwa ili kuonyesha kwamba kujikinga si kukosa imani, na ni kweli. Lakini mimi nakifuata mpaka mwisho wake, ambao wahubiri wengi huuacha. Abu Ubayda alibaki Shamu akafa kwa tauni ile ile. Huyu ni mmoja wa wale kumi waliobashiriwa pepo. Umar, aliyerudi, akaishi. Nani atathubutu kusema kwamba mmoja alikasirikiwa na mwingine akapendwa? Mtu yeyote anayeijua sira hiyo, kisha akapanda mimbari kusema kwamba wagonjwa wa ukimwi wamepigwa na Mungu kwa matendo yao, amejua hukumu ambayo Mungu hakumwambia.

Haya ni ya mimbari. Sasa ya kwetu.

Bibi akishatoa damu, kazi inaanza siku hiyo hiyo, maana seli hazingoji. Damu inamiminwa taratibu juu ya maji mazito yanayoitwa Ficoll, mrija ukiwa umeinamishwa ili viwili hivyo visichanganyike, kisha inazungushwa kwenye mashine kwa karibu nusu saa. Ikitoka imejipanga yenyewe: chini chembe nyekundu, juu plazima ya manjano, na katikati yao utando mweupe mwembamba kama tui lililojitenga. Humo ndimo zilimo seli tunazozitafuta. Unazifyonza kwa pipeti, mkono usitetemeke, unaziosha, unazihesabu, kisha unazitia katika visima vidogo vya sahani ya plastiki pamoja na vipande vya protini ya kirusi, vipande tu, visivyoweza kumdhuru mtu. Seli iliyowahi kukutana na kirusi hicho itakitambua, na itatoa kemikali ya kuita wenzake. Kesho yake, ukishatia rangi, pale ilipokuwa seli hiyo panaonekana doa dogo la samawati. Unahesabu madoa.

Kwa mtu asiye na VVU hutarajii doa. Kwa wanawake wa Majengo walioepushwa, madoa yalikuwepo. Mwaka 1998 Sarah Rowland-Jones wa Oxford na wenzake wa Nairobi walionyesha kwamba wanawake hao walikuwa na seli za CD8 zinazovijua VVU na kuua seli zilizoingiliwa. Mwili ulikuwa umekutana na kirusi, ukakishinda, ukabaki na kumbukumbu. Furaha iliyokuwapo miaka ile haielezeki kwa asiyeiona. Kumbe inawezekana! Kule Oxford ikatengenezwa chanjo iliyofuata aina A ya kirusi, ile iliyoenea Kenya, na mwanzoni mwa 2001 vijana wa Nairobi wakajitolea kudungwa, chini ya KAVI, taasisi ya chanjo ya ukimwi iliyoongozwa na Profesa Job Bwayo. Tukawa na jibu la bibi: ameachwa kwa sababu ana seli za CD8.

Likaja jambo lililotuvuruga. Baadhi ya wanawake walioepushwa kwa miaka mingi waliambukizwa hatimaye, ingawa seli zao za CD8 zilikuwa zimeonekana kabla. Walipochunguzwa walifananaje, ikaonekana kwamba wengi walikuwa wamepunguza kazi au kuisimamisha katika mwaka uliotangulia. Matokeo hayo yalichapishwa 2001. Maelezo yake ya kisayansi si magumu: huenda kumbukumbu ya seli hizo ilihitaji kukumbushwa kila mara, kirusi kilipoacha kuja, zikafifia, mwanamke aliporudi kazini akarudi bila ngao.

Lakini lisome jambo hilo kwa macho ya mtu wa dini. Mwanamke ameamua kuacha. Pengine amepata mtaji mdogo wa kuuza mboga, pengine amekwenda kwao kumuuguza mama, pengine ameingiwa na hofu ya Mungu na ametubu. Miezi ikapita, kodi ya nyumba ikamkaba, akarudi. Na yeye ndiye aliyeambukizwa, si yule ambaye hakupumzika hata usiku mmoja. Ningekuwa mhubiri wa adhabu na tuzo, ningeifunga midomo yangu mbele ya matokeo haya. Na mimi mtafiti nilikuwa na mtihani wangu. Bibi aliponiambia kwamba anataka kuiacha kazi ile, amechoka, anataka kufa akiwa na udhu, nimwambie nini? Kwamba takwimu zetu zinamtaka aendelee? Nilimwambia aache, na niliyasema kwa moyo wangu wote. Nikamwambia pia kwamba akirudi hata mara moja, asirudi bila kondomu, kwa kuwa kilichomlinda huenda hakipo tena. Alinisikiliza akasema, "Kwa hivyo hata hii haikuwa yangu." Alikuwa amelifahamu jambo ambalo wengi wetu wenye shahada tulichelewa kulifahamu.

Hapa ndipo namkumbuka Imamu Ghazali. Katika Tahafut al-Falasifa anachukua mfano wa moto na pamba. Mwanafalsafa anasema moto ndio unaochoma pamba. Ghazali anamuuliza: umeona nini hasa? Umeona pamba imekutana na moto, na umeona imeungua. Umeona mambo mawili pamoja. Kwamba moja limelifanya jingine, hilo hukuliona, umeliongeza wewe. Anayeunguza ni Mwenyezi Mungu, naye akitaka vikutane visiungue, vitakutana visiungue. Nilipokuwa mwanafunzi niliyaona haya kuwa ni ubishi wa zamani, usio na kazi kwa mtu anayevaa koti jeupe. Leo naamini kila anayetafuta chanjo angepaswa kusomeshwa ukurasa huo kabla ya kushika pipeti. Maana kazi yetu nzima ni kutafuta zile tunazoziita alama za kinga: kipi kimo katika damu ya waliosalimika ambacho hakimo katika damu ya walioambukizwa. Tunaona seli na usalama pamoja, tunaongeza kwamba seli ndiyo iliyoleta usalama. Hatuoni mkono wetu ukiongeza.

Na tumeongeza mara nyingi, kwa gharama kubwa. Wanawake wa Majengo walikuwa miongoni mwa sababu zilizowafanya watu waamini kwamba chanjo inayoamsha CD8 itatosha. Chanjo ya namna hiyo ilijaribiwa katika utafiti ulioitwa STEP, kwa watu karibu 3,000, hasa wa Amerika. Ilizaa seli hizo. Septemba 2007 utafiti ukasimamishwa, kwani haikumkinga mtu, na kwa baadhi ya wanaume waliochanjwa maambukizi yalizidi. Mwaka 2009 ikaja habari ya chanjo iliyojaribiwa Thailand: watu zaidi ya 16,000, kinga ya asilimia 31.2, ndogo lakini ya kwanza duniani. Ikachunguzwa damu ya waliosalimika, ikapatikana alama nyingine, safari hii kingamwili zinazoshika sehemu fulani ya ganda la kirusi. Juu ya alama hiyo ukajengwa utafiti wa Uhambo, Afrika Kusini, wa watu 5,407. Walioambukizwa upande wa chanjo walikuwa 129, na upande wa sindano isiyo na chanjo 123. Utafiti wa Imbokodo ukafuata, ukasimama 2021. Wa Mosaico, 2023. Wa PrEPVacc, uliokuwa na wajitoleaji wa Masaka, Mbeya, Dar es Salaam na Durban, uliacha kuchanja mwishoni mwa mwaka huo huo. Mara zote pamba na moto vilionekana pamoja kwanza.

Mtu anaweza kusema kwamba Ghazali basi anatuambia tuache. Mwanafalsafa Ibn Rushd alimshutumu kwa jambo la karibu na hilo: kwamba anayekana sababu anaikana akili. Namheshimu Ibn Rushd, na mchana nikiwa kazini natenda kama mfuasi wake. Lakini Ghazali hakusema kamwe tukae bure. Katika kitabu chake cha Ihya, kwenye mlango wa kutawakali, anazigawa sababu: ziko za yakini, kama chakula kwa njaa, ziko za dhana, na dawa za matabibu ni za kundi hili, ziko za kuwazia tu. Anayeacha kula akisema anamtegemea Mungu, kwake huyo hana tawakuli, ana ujinga. Na dawa, ingawa ni ya dhana, kuitumia hakumtoi mtu katika kumtegemea Mungu. Mungu ana desturi yake katika viumbe, na desturi hiyo inaweza kuchunguzwa. Alichokikataza ni kuifanya desturi kuwa mungu mdogo anayejitegemea. Mtafiti anayeikubali amri hiyo hapati hasara, anapata tahadhari. Anasema, "Nimeona haya pamoja," na anajiuliza tena kabla ya kusonga mbele.

Tulipojiuliza tena, damu ya Majengo ilitupa jambo jingine. Timu ya Keith Fowke wa Manitoba na wenzake wa Nairobi iliona kwamba seli za CD4 za wanawake wale, zile ambazo VVU huzivamia, zilikuwa zimetulia kuliko za watu wengine. Kirusi hiki hustawi ndani ya seli iliyoamka na kufanya kazi; seli iliyolala hakiifaidi sana. Yawezekana basi kwamba waliosalimika hawakuwa na jeshi kali kuliko wengine, walikuwa na utulivu zaidi. Watafiti wakajaribu hata aspirini ya dozi ndogo kwa wanawake wa Nairobi, na seli zinazolengwa na kirusi katika njia ya uzazi zikapungua. Na hili nalo nalisema kwa ulimi wa Ghazali: vimeonekana pamoja.

Wanafunzi wangu huniuliza kama maisha yaliyotumika katika kazi hii yamepotea. Mwaka 1984 waziri wa afya wa Marekani, Margaret Heckler, alisema anatarajia chanjo iwe tayari kujaribiwa baada ya miaka miwili hivi. Zaidi ya miaka 40 imepita. Profesa Bwayo aliuawa na majambazi Februari 2007, miezi saba kabla ya STEP kusimama. Profesa Frank Plummer, aliyefanya kazi Majengo tangu miaka ya 1980, alifia Nairobi Februari 4, 2020, akiwa amekuja kuadhimisha miaka 40 ya ushirikiano wa Manitoba na Nairobi; tangazo la kushindwa kwa Uhambo lilikuwa limetolewa siku moja kabla. Wote wawili wameondoka bila kuiona chanjo. Kwa imani yangu malipo ya mtu yako katika nia na juhudi, na matokeo yana mwenyewe, kwa hivyo siwahuzunikii kwa hilo. Kirusi chenyewe hakikuumbwa kirahisi: kinajibadilisha kila kinapozaliana, kinajivika sukari za mwili wetu wenyewe hata kinga ikakiona ni jamaa, na kinajiandika ndani ya vinasaba vya seli kikalala humo miaka. Kushindwa na adui wa namna hiyo si aibu.

Linalonikosesha usingizi ni jingine. Katika matangi ya naitrojeni ya maji, kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, zimo seli za wanawake waliokwisha kufa. Zikiyeyushwa vizuri zinaamka, na ukizionyesha kirusi zinatoa madoa. Mwili kwetu Waislamu ni amana ya Mungu kwa mwanadamu. Wanawake hawa waliichukua amana hiyo, wakatukabidhi sehemu yake, wengi wao kwa alama ya dole gumba kwenye fomu ya ridhaa. Walitoa damu kwa miaka karibu 20 kabla dawa za ARV hazijaanza kuwafikia Wakenya wa kawaida. Kwa damu hiyo watu wamepata shahada, vyeo, tiketi za ndege, na mimi nimo. Wao wamebaki Majengo, katika vyumba vya kupanga, majina yao yamegeuzwa nambari ili kuwasitiri, na kwa kuwa ni nambari hakuna hata mtaa unaoitwa kwa jina la mmoja wao.

Kwa hivyo nikiulizwa leo bibi yule aliachwa kwa nini, sitamtaja Mungu kama shahidi wa wema wake, wala sitaitaja seli kama mmiliki wa uhai wake. Sababu ya kuachwa kwake anaijua aliyemwacha. Ninachokijua mimi ni kilichotokea baada ya kuachwa: alikuja kliniki, akanyoosha mkono, tukachukua. Deni hilo halihitaji falsafa kuthibitishwa.

Na linalipika. Mwaka 2024 yalitangazwa matokeo ya sindano ya lenakapaviri, inayodungwa mara mbili kwa mwaka, iliyojaribiwa Uganda na Afrika Kusini. Kati ya wanawake 2,134 waliodungwa, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Si chanjo, maana haiufundishi mwili lolote na ukiiacha kinga inakwisha, lakini leo hii ndiyo ngao bora tuliyo nayo. Mwaka uliofuata Marekani ilikata fedha nyingi za utafiti na huduma za ukimwi, na miradi ya chanjo iliyokuwa ikiongozwa na Waafrika huko Afrika Kusini ikasimama. Katika hali hii ya uchache kuna vikao vinavyoamua nani apate kwanza. Katika kila kikao nilichokaa nimesema, na nitakachokaa kesho nitasema: mabinti na wajukuu wa wanawake waliotoa damu hii wawe mbele ya foleni, bila malipo, kwa sindano hii na kwa chanjo itakayokuja, na ahadi hiyo iandikwe na kutiwa sahihi kabla hatujajaza mrija mwingine.